Bwawa la Dakika Arobaini

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Jina la zamani lilipelekwa kwenye kamati kufanyiwa ukarabati miaka kumi na moja iliyopita, na kamati haijalirudisha. Katika barua rasmi tunaandika "Nchi Husika", na wageni hutuelewa vizuri tu. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji asidhani kuwa nina la kuficha. Nimelelewa katika shule ya bweni ambako mwanafunzi aliyeficha hata kipande cha mua alisimamishwa mbele ya wenzake mia nne aeleze. Nilikuwa kiranja mkuu wa shule hiyo kwa miaka miwili. Tangu hapo sijaficha kitu, wala sijapata kuwa na kitu cha kuficha.

Habari ya mabwawa ilianzia angani. Mtukufu Kiongozi alikuwa ziarani ughaibuni, na ndege ilipoinama kutua katika jiji la wenyewe alichungulia dirishani, akaona nyuma ya kila nyumba kipande cha buluu kinachong'aa. Alivihesabu hadi mia mbili na tisa, akasinzia. Siku ya kurejea alichungulia tena, ndege ikiwa juu ya mji wetu mkuu. Aliona mabati yenye kutu, moshi, na kitu kimoja tu cha buluu, ambacho wasaidizi wake walithibitisha baadaye kuwa ni turubai la mama mmoja muuza chapati. Turubai lilipewa nishani. Mama mwenyewe alipewa siku tatu za kuhama.

Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Mwonekano wa Juu. Tangazo lake la kwanza lilibandikwa katika kila ofisi, na mimi nililisoma nikiwa nimesimama, kama ilivyoagizwa: "Maendeleo ni yale yaonekanayo kutoka juu. Yaonekanayo kutoka chini ni malalamiko. Kila mtumishi wa Ngazi ya Saba na kuendelea atakuwa na bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yake, urefu hatua kumi na mbili, upana hatua sita, kabla ya Sikukuu ya Mavuno Yajayo."

Yasemekana palikuwa na mhadhiri mmoja aliyeuliza kama bwawa la nyumbani linastahili gharama yake, katika mji ambao mabomba hutoa maji siku ya Jumanne peke yake, tena kwa kukohoa. Serikali yetu haipuuzi maswali. Iliitisha semina ya siku tano katika hoteli ya ufukweni, nami nilikuwa miongoni mwa wajumbe. Waziri aliifungua mwenyewe.

"Ndugu wajumbe," alisema, "wapo wanaouliza maji yatatoka wapi. Hilo ni swali la mtu mwenye ndoo. Mtu mwenye bwawa hana swali hilo. Wapo pia wanaouliza kama bwawa linamfaa mwananchi. Nawasihi tusitangulize mwananchi. Tulitanguliza mwananchi kwa miaka thelathini, na mmeona tulipofika."

Tulipiga makofi kwa dakika saba. Siku ya tano semina ilitoa azimio kwamba swali la mhadhiri lilikuwa limeulizwa kichwa chini miguu juu: la kupima si kama bwawa linamstahili mwananchi, bali kama mwananchi analistahili bwawa. Mhadhiri alipelekwa kupimwa, na hajarudi na majibu.

*

Wakati huo nilikuwa Mkuu wa Kitengo cha Utulivu wa Saa za Kazi katika wilaya yetu. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Ofisi yangu ilitazamana na mtaa wetu wenyewe, ng'ambo ya uwanja, na kila kelele iliyopigwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri niliiandika: aina yake, ilikotoka, na muda wake. Kwa miaka kumi na minne sikutoka ofisini kabla ya saa tisa, hata siku moja. Hata siku ile.

Mwezi wa tangazo nilipandishwa Ngazi ya Saba. Barua ilikuja pamoja na mchoro wa bwawa. Niliipeleka nyumbani, nikamkuta mke wangu, Nyamizi, uani, ameketi mahali anapoketi kila alasiri, ungo wa mchele mapajani, akichambua mawe.

Yanipasa nieleze ua wetu. Una urefu wa hatua kumi na tatu na upana wa hatua saba. Katikati, hatua nne kutoka mlango wa jikoni, pana kaburi la binti yetu, Sikudhani. Kwetu watoto huzikwa nyumbani. Hatuwapeleki kulala kwa watu. Alikufa akiwa na miaka minane, kwa ugonjwa wa kuhara, katika mwaka ambao serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kuwa ugonjwa huo haupo tena nchini. Kwa sababu hiyo cheti chake kimeandikwa "sababu nyingine". Nilikipokea na kukitia sahihi. Sikuwa na takwimu za kupingana nacho.

Nyamizi hakupanda maua pale. Aliosha saruji kila Jumanne, maji yakitoka, kabla ya kujaza mtungi. Akichambua mchele alimsimulia mtoto habari za siku: nani kajifungua, mbuzi wa nani kala daftari la nani. Nilimzoea. Mimi nilikuwa nikipita pembeni.

"Nimepandishwa," nilimwambia.

"Hongera, Baba Sikudhani."

"Itabidi tuchimbe bwawa."

Hakuinua uso. "Wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Ndiyo kanuni."

Alitoa jiwe moja mcheleni, akalitazama, akalitupa.

"Nyuma ya nyumba pana mtu," alisema.

*

Msomaji asinihukumu kwa haraka. Niliufuata utaratibu wote. Niliandika barua ya maombi, yenye kumbukumbu namba na kichwa cha habari, nikiomba bwawa langu liwe mbele ya nyumba. Jibu lilikuja kwa miguu, likiwa limevaa suti: Bwana Ngwale, Mpimaji wa Wizara, mwenye kamba shingoni na penseli nyuma ya kila sikio.

"Mbele haiwezekani, mkuu," alisema. "Mbele ni pa bendera."

"Sina bendera."

"Ndiyo, kwa sababu hatujakubaliana juu ya jina. Lakini nafasi yake ni hiyo, haiguswi." Alitembea uani akihesabu hatua kwa sauti, akafika kaburini, akalizunguka kwa adabu, akaendelea na hesabu upande wa pili. "Hiki ni nini?"

"Binti yangu."

Alivua kofia. Nasema haki: alivua kofia, akaishika kifuani muda wa kutosha. Kisha akaivaa, akafungua jalada.

"Kwa mujibu wa mwongozo, hiki ni kizuizi chenye jina," alisema. "Kizuizi kisicho na jina, kama mti, tunaking'oa tu. Chenye jina hupewa notisi ya siku kumi na nne. Kisipopinga kwa maandishi, kimeridhia. Huwa hawapingi. Tangu tuanze zoezi hili nimepata pingamizi moja, na lilikuwa la shangazi wa marehemu, likatupwa."

"Watampeleka wapi?"

"Makaburi ya Wizara, kilomita thelathini. Pazuri. Pamepangwa kwa mistari, kila mmoja na namba yake. Wewe ni mtu wa bweni, mkuu, ungepapenda." Akalamba kidole na kufunua ukurasa. "Umri wa marehemu?"

"Minane."

Bwana Ngwale alisita. Alizitoa penseli zote mbili nyuma ya masikio, akazirudisha.

"Hapo pana jambo. Mtoto hapewi notisi. Mtoto hana uwezo kisheria wa kupinga, kwa hiyo hana uwezo wa kuridhia. Anaridhiwa na mzazi. Utasaini hapa, mahali pa 'Marehemu', kisha kwenye mabano utaandika 'kwa niaba'."

"Na nisiposaini?"

"Unabaki Ngazi ya Sita." Aliniangalia kwa huruma ya kweli. "Hakuna atakayekulazimisha. Hii ni nchi ya hiari."

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, ungo mkononi.

"Baba Sikudhani," aliita. "Njoo nikwambie."

Nilikwenda.

"Kalamu hiyo ukiishika, umeishika peke yako. Mimi simo. Na yeye hayumo."

"Ni utaratibu, mama. Usitoe maneno mbele ya mgeni."

"Mgeni huyu anataka kumtoa mwanangu ndani mwake, mimi nisitoe maneno?"

Wanadamu wengi hudhani kuwa mtu husaini kwa sababu ya cheo au mshahara. Mimi sikufikiria mshahara. Nilifikiria kwamba agizo limetolewa, limenifikia kwa njia iliyo halali, na katika maisha yangu sijapata kulirudisha agizo lililo halali. Shuleni kwetu, siku ya ukaguzi wa mabweni, nyoka alidondoka kutoka darini katikati ya safu mbili za vitanda. Tulikuwa arobaini na wawili. Hakuna aliyesogeza unyayo. Mwalimu alimaliza kukagua, akahesabu shuka, akatoka, na nyoka akatoka nyuma yake. Nimelisimulia tukio hilo katika mahafali mengi, na vijana hunisikiliza.

Nilisaini. Mahali pa "Marehemu" niliandika jina la mwanangu kwa mwandiko wangu mzuri, na mabanoni nikaandika "kwa niaba".  Nikamrudishia Bwana Ngwale jalada lake.

*

Notisi ilibandikwa juu ya saruji, na siku kumi na nne zikaanza. Nyamizi aliacha kuchambua mchele uani. Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Alinipikia, akaninyooshea shati, akaniitikia kila nilipomwita. Chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha, nadhani. Sikuwa na njia ya kuhakikisha.

Jirani yetu, Mzee Chambuso, mstaafu wa Ngazi ya Nane ambaye kanuni ilimkuta akiwa bado hajafutwa orodhani, alikuwa amekwisha kuchimba la kwake. Alikuja kunitembelea, akaegemea ua wa michongoma.

"Kiranja," aliniita, ndivyo anavyoniita, ingawa hatukusoma pamoja. "Mimi langu limetuamisha maji ya mvua, nimefugia bata. Mkaguzi akija namwambia ni wajumbe wa kimataifa."

"Huo ni udanganyifu, mzee."

"Bata si udanganyifu. Bata anaogelea kweli. Mimi na wewe ndio hatujui." Akacheka, kisha akaacha. "Umemsainia yule mtoto?"

"Nimefuata utaratibu."

"Nimeuliza umesaini."

"Ndiyo."

Alibandua jani moja la mchongoma, akalikunjakunja. "Mke wako ana kaka wangapi?"

"Watatu. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Ndugu ni kitu kizuri," alisema, akaondoka zake.

Siku ya kumi, Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nikiwa mezani ofisini, nilisikia kuimba. Kulitoka upande wa mtaa wetu. Sauti za wanaume watatu au wanne, na nyuma yao wanawake wengi, taratibu, kama watu wanaotembea wamebeba kitu wasichotaka kukitikisa. Niliutambua ule wimbo. Huimbwa kwetu wakati wa kumsindikiza mtu. Kalamu yangu ilisimama kidogo, kwa sababu niliwahi kuuimba mimi mwenyewe, mara moja.

Kisha niliandika: "Kelele za uimbaji. Aina: huzuni. Muda: dakika ishirini na sita. Saa za kazi." Siku hiyohiyo nilimwandikia Mjumbe wa Mtaa barua ya karipio, nikimtaka ajieleze kwa nini wakazi wake waliimba kabla ya saa tisa, na nikakumbusha kuwa misiba ina muda wake.

Saa tisa kamili niliondoka ofisini. Mtaani watu walikuwa milangoni, wakanyamaza nilipopita. Nilidhani wamepata nakala ya barua. Nyumbani nilikuta saruji imeoshwa, ingawa haikuwa Jumanne, na notisi imebandikwa upya, imenyooka kabisa. Nilimsifu Nyamizi kwa unadhifu. Aliniambia, "Asante."

*

Siku ya kumi na tano Bwana Ngwale alifika na vibarua wanne, sururu, na sanduku dogo la Wizara lenye namba. Alivua kofia tena. Alisoma hotuba fupi iliyotoka makao makuu, ikimshukuru marehemu kwa kupisha maendeleo na kumtakia makazi mema. Vibarua wakainua saruji. Iliinuka kwa urahisi mno. Wakachimba hadi kifuani, hadi mabegani, kisha mmoja wao, jamaa mfupi mwenye fulana ya njano, akatoa kichwa.

"Bosi, humu hamna mtu."

"Chimba vizuri."

"Nimechimba, bosi. Pamechimbwa kabla yangu. Udongo ni wa juzi."

Bwana Ngwale alishuka mwenyewe, na suti yake. Alipopanda alikuwa amefadhaika kama mwalimu aliyehesabu wanafunzi bwenini akapungukiwa.

"Mkuu, marehemu yuko wapi?"

Nilisema sijui. Ndiyo mara ya kwanza katika utumishi wangu kulijibu swali rasmi kwa neno hilo.

"Marehemu aliridhia," alisema akifungua jalada kwa mikono yenye udongo. "Saini hii hapa. Mtu hawezi kuridhia kuhamishwa halafu akahama mwenyewe! Nitaandika nini hapa? Pana nafasi mbili tu: 'Amehamishwa' na 'Amepinga'." Alifikiri sana, kisha akaandika pembeni kwa herufi ndogo: "Ametoroka."

Niliingia jikoni. Nyamizi alikuwa anachambua mchele.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mtoto."

"Mtoto yupi? Yule uliyemsainia, au yule niliyemzaa?"

"Mama Sikudhani."

"Kaka zangu walikuja Jumatano. Waliingia kwa mlango wa mbele, mchana, kila mtu anaona. Nilijua hutatoka." Alipuliza makapi. "Tulipita chini ya dirisha lako. Nilisema moyoni, akichungulia tu. Akichungulia tu, nitamwita. Mzee Chambuso alikuwa mbele, akaniambia, usigeuke. Kesho yake Mjumbe akatusomea barua yako."

 Nakumbuka nilihesabu punje zilizokuwa zimeanguka sakafuni, nikapata kumi na sita.

"Amelala wapi, Nyamizi? Nina haki ya kujua."

"Aliyesaini hana la kuuliza," alisema. "Una bwawa. Nenda kalitazame."

Niliwaandikia kaka zake wote watatu, barua zenye kumbukumbu namba. Hawakujibu. Nilimwuliza Mzee Chambuso kwenye michongoma, na kwa mara ya kwanza hakuniita kiranja. Alisema, "Bwana, mimi nilibeba tu upande wa miguu. Njia sikuiangalia." Mtaa mzima ulijua binti yangu alipo. Nilipokaribia walinisalimu kwa heshima, wakahamia kwenye habari za hali ya hewa.

*

Bwawa lilikamilika. Lilikuwa na vigae vya buluu, kingo zilizonyooka, na ngazi ya chuma ya vidato vitatu. Lilikosa maji tu, na katika hili serikali ilionyesha busara ambayo sijaiona kwingine.

Kwa kuwa maji ya kujaza mabwawa yote hayakuwapo, Wizara ilikusanya maji ya kujaza bwawa moja. Yaliitwa Maji ya Taifa. Yalikuwa na cheo cha Mkurugenzi Msaidizi, dereva, maboza matatu, na askari wawili wa pikipiki wa kuyatangulia. Siku za ukaguzi yalipita nyumba kwa nyumba, yakakaa katika kila bwawa dakika arobaini, kisha pampu ikayanyonya na kuyapeleka mbele. Kwa njia hiyo kila mmiliki alikuwa na bwawa lililojaa, na hakuna lita iliyopotea, isipokuwa zile zilizonywewa kwa bahati mbaya.

Waraka wa ukaguzi ulieleza yote. Mmiliki awe ndani ya maji hadi kifuani, amevaa bukta rasmi, uso ukiwa na burudani ya wastani. Asitoke mpaka filimbi ya Mpimaji ipigwe. Mwenzi wake asimame ukingoni na taulo. Watoto, kama wapo, wapige kelele za furaha zisizozidi tatu. Katika nafasi ya watoto niliandika "hakuna", nikakumbuka kuwa hiyo si kweli, nikakata, nikaandika "hayupo". Fomu ilirudishwa kwa kuchafuka. Nikaandika tena "hakuna", kwa usafi.

Maji ya Taifa yalifika kwetu saa tano asubuhi, yakitokea kwa Mzee Chambuso. Niliyapigia saluti yakimiminwa. Yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, manyoya ya bata, na kandambili moja ya kushoto ambayo, kwa maelezo ya dereva, ilikuwa imejiunga na msafara tangu wilaya ya tatu. Nikashuka vidato vitatu. Maji yalikuwa na uvuguvugu wa watu wengi. Nilisogea hadi hatua ya nne kutoka mlango wa jikoni, nikasimama hapo.

Mkaguzi Mkuu wa Mabwawa hakuingia uani. Kwa kuwa maendeleo huonekana kutoka juu, alikuwa na jukwaa la mbao, refu kuliko paa langu, lililofungwa juu ya lori, naye akakaa kileleni chini ya mwavuli, akiniangalia kupitia darubini. Alizungumza kwa kipaza sauti.

"Mmiliki! Burudani yako ni ndogo!"

Niliiongeza.

"Hapo hapo! Ibaki hapo!"

Nyamizi alitoka jikoni na taulo. Sikumtarajia. Alikuwa amevaa gauni lake la safari, na miguuni viatu vya kufunga kamba. Alisimama ukingoni mahali palipochorwa alama, kama mwenzi yeyote. Bwana Ngwale alitikisa kichwa kwa kuridhika, akatia vema kwenye karatasi.

"Mmiliki!" iliita sauti kutoka juu. "Swali la tathmini ya kitaifa! Baada ya kuzingatia yote, je, bwawa hili linastahili gharama yake? Majibu yanayokubalika ni 'Ndiyo' na 'Ndiyo kabisa'!"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimejiandaa kwa "Ndiyo", kwani "kabisa" sikuwa na ushahidi nayo. Lakini nilikuwa nikimtazama mke wangu, na lililotoka lilikuwa jingine.

"Yuko wapi?" nilisema.

"Amesemaje?" iliuliza sauti ya juu.

Bwana Ngwale alinitazama, akatazama taulo, akatazama karatasi yake.

"Amesema ndiyo, mheshimiwa!"

Nyamizi alichuchumaa ukingoni. Kwa miezi minne hakuwa amenitazama usoni. Sasa alinitazama, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kabla ya cheti.

"Gari la kaka yangu liko barabarani," alisema polepole. "Nakwenda kwa mtoto. Nakwenda kukaa karibu naye. Toka humo, Baba Sikudhani. Toka sasa hivi, ulivyo hivyo hivyo, nikupeleke ukamwone mwanao."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Sitakuita tena."

Nilimgeukia Bwana Ngwale. "Zimebaki dakika ngapi?"

Aliangalia saa yake. Nadhani alitaka kusema jambo jingine, lakini naye alikuwa kazini. "Kumi na moja, mkuu."

"Ni kumi na moja tu," nilimwambia Nyamizi. "Nisubiri. Filimbi ikilia tu, nimetoka."

 Alilikunja taulo mara mbili, akalilaza ukingoni, akalisawazisha kwa kiganja kama alivyokuwa akiisawazisha shuka ya mtoto. Akasimama, akaingia jikoni. Nilisikia mlango wa mbele. Nilisikia gari likiwashwa, likagoma, likawashwa tena. Hapo lilikuwa bado halijaondoka. Nilihesabu. Halafu likaondoka.

Kutoka juu ilinijia sauti ikinipongeza kwa utulivu.

Dakika zilipotimia pampu ilianza kunguruma. Maji yalishuka kifuani, kiunoni, magotini, kandambili ikanizunguka mara mbili na kwenda zake. Lori la jukwaa lilisogea kwa jirani wa pili, askari wa pikipiki wakatangulia, na Bwana Ngwale akakimbia nyuma yao akishikilia kofia, karatasi na penseli zake mbili, kwa maana walikuwa wamechelewa.

Nilibaki nimesimama juu ya vigae, mikono ubavuni. Nilisimama wima. Filimbi ilikuwa haijapigwa.